Kifuniko Kwenye Usukani

Jumapili, 2 Julai 1961

Daftari hili nimeletewa na binti yangu Mwaija, aliye chuo cha ualimu Tabora. Aliniambia, "Baba, badala ya kumsumbua Mama na wasiwasi wako kila siku, uandike humu." Mama yake, Moza, alicheka mpaka akakaa chini. Basi naandika, ili wanawake wa nyumba hii wapumzike.

Mimi ni Jumbe Makame, mkazi wa Mkuyuni, Mwanza, dereva wa lori la Chama cha ushirika wa pamba. Nilianza kushika usukani vitani, Abisinia, na kwa miaka ishirini sijaua injini hata moja. Hilo naliandika mwanzo ili lijulikane.

Msimu umefunguliwa wiki iliyopita. Pamba iko ng'ambo, Sengerema mpaka Geita. Tunaipakia huko, tunaivusha Busisi kuja Kigongo, kisha tunaileta kiwandani hapa mjini. Karani wa usafirishaji sasa ni Luhaga, kijana wa juzijuzi, amekalia kiti cha Mzungu aliyeondoka mwezi wa tano. Ametangaza kwamba Novemba, kabla ya Uhuru, Chama kitamteua dereva mkuu, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Kila mtu ananitazama mimi. Nami kila nikitazamwa, najifanya nakagua matairi.

Jumatano, 5 Julai

Pamba ni nyingi kuliko malori, kwa hiyo Luhaga ameamua kila lori liwe na madereva wawili: mmoja alfajiri mpaka saa nane, mwingine saa nane mpaka kivuko cha mwisho. Mimi nimepewa mtu anaitwa Kashindye. Ni mtoto wa huku huku, kwao Kamanga, lakini miaka tisa ameendesha malori ya magogo kwenye baridi ya Njombe. Amerudi kwa ajili ya mama yake, Bernadeta, ambaye macho yamemwishia.

Alifika yadi saa nne, jua limeshakasirika, naye amevaa koti la sufu lililomfika magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo koti ni lako au umepewa ulisafirishe?"

"Langu, mzee. Mwili haujajua kama tumefika."

Madereva wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka, jasho linamtiririka. Sikupenda alivyocheka. Mtu anayeweza kujicheka mwenyewe ni vigumu kumshinda.

Jumamosi, 8 Julai

Wiki mbili za kwanza tunakwenda pamoja ili nimwoneshe njia. Leo nilimpa usukani kutoka Busisi na mzigo kamili. Anaendesha vizuri kwenye matope na kona, hilo sikatai. Lakini joto halijui. Alipanda kilima saa saba mchana kwa gia kubwa, anaminya mafuta kana kwamba anakimbizwa, mpaka rejeta ikaanza kuimba. Akasimama, akaruka chini, na kabla sijafungua mdomo amekwisha kuzungusha kifuniko. Maji yalimrukia mkono mzima.

Nilimpaka ute wa yai katika duka la njiani huku nikimgombeza. Joto halishindwi kwa haraka, nikamwambia. Unaliweka lori pua ikitazama upepo wa ziwa, unakaa, unavuta sigara yako hata kama huvuti, mpaka kuimba kuishe. Ndipo unafungua kwa tambara, taratibu, na maji unayamimina kidogokidogo injini ikiwa inazunguka.

"Kule kwetu tulikuwa tunalitafuta joto hili kwa tochi," akasema, akijipuliza mkono.

Jumatatu, 17 Julai

Foleni ya kivuko Kigongo, malori kumi na mawili mbele yetu. Hapana la kufanya ila kula samaki na kusikiliza hadithi za Kashindye.

"Mwezi huu kule ukiamka, majani ni meupe, mzee, kama mtu amemwaga chumvi. Oili inakuwa nzito kama uji wa jana. Unazungusha hendeli mpaka bega linaachia. Mbele ya rejeta tunafunga gunia ili injini ipate joto. Na jioni ni lazima ufungue koki umwage maji yote."

"Maji mazuri mnamwaga?"

"Yakiganda yanapasua injini. Asubuhi unachemsha mengine, unajaza."

"Na dereva wa asubuhi atajuaje kama yamemwagwa?"

"Anayemwaga anatundika kifuniko cha rejeta kwenye usukani. Ukikuta kifuniko kwenye usukani, huwashi."

Nilicheka hata mwiba wa samaki ukataka kuniua. Nikamwambia huku kwetu kazi ni kutafuta maji, si kuyamwaga. Dereva wa Mwanza akionekana anamwaga maji ya rejeta, tunampeleka kwa mganga. Niliwasimulia na wenzangu, na mpaka jioni walikuwa wanamwita Bwana Barafu.

Jumapili, 23 Julai

Kashindye amepewa nyumba ya Chama, ya tatu kutoka kwetu. Mke wake anaitwa Odeta, Mbena wa huko huko Njombe. Leo Moza alikwenda kumkaribisha, akarudi mbio kunichukulia ndoo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, jiko la mkaa linawaka sebuleni, na mtoto wao Kija, wa miezi mitano, amezungushiwa mablanketi matatu. Mwili mzima harara.

Moza alimvua yote, akamwogesha uani.

"Kwetu mtoto asipofunikwa anakufa, shangazi," Odeta alimwambia.

"Na hapa akifunikwa ndiyo anakufa, mwanangu. Fungua madirisha."

Sasa yuko huku kwetu kila siku. Anajifunza kulala kwenye mkeka, kulowesha kanga na kujifunika, kupika kabla ya jua. Nami napata mtoto wa kubeba bila kuzaa.

Jumatano, 9 Agosti

Joto. Safari mbili.

Alhamisi, 10 Agosti

Vumbi. Safari mbili. Kashindye ametupa koti.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimemwonesha kufunga tambara bichi kwenye pampu ya petroli, kwa sababu mchana petroli hugeuka mvuke ndani ya mrija na lori hukwama bila ugonjwa. Aliniuliza maswali kumi. Mimi nilifunzwa hilo kwa kofi. Yeye anataka kujua kwa nini.

Jumamosi, 26 Agosti

Kashindye amepiga safari tatu jana na leo, na lori halikuchemka hata mara moja. Anaondoka na upepo, anapumzika kabla injini haijachoka. Luhaga alimsifu mbele ya wote. "Huyu mtu wa baridi ameelewa joto kuliko wenye joto lao," alisema. Wenzangu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Nimerudi nyumbani nikamwuliza Moza kama ninaonekana mzee. Akasema, "Tangu lini?" Sikulala vizuri. Kisu nimekinoa mimi, sasa nayatazama makali yake.

Jumanne, 12 Septemba

Joto la kuangusha watu. Mawingu yanakuja yanaondoka. Pamba iliyobaki Busisi iko nje, imefunikwa maturubai machache, na kila mtu anaomba mvua ichelewe.

Ijumaa, 22 Septemba

Madereva wawili wamenikuta msikitini, wakaniuliza kwa utani kama nitamsalimia Kashindye "bwana mkuu" Novemba itakapofika. Nilicheka nao. Sala sikuimaliza kwa utulivu.

Na kijana mwenyewe hana habari. Leo ameniletea mkungu wa ndizi kutoka kwa mama yake, ameubeba begani kutoka kivukoni.

Jumanne, 3 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianzie jana.

Jana jioni mbingu ziligeuka nyeusi upande wa ziwa, kisha ikashuka mvua ya mawe. Mabati yalilia hata Moza akawa ananipigia kelele nami simsikii. Ilipokoma, uwanja wote ulikuwa mweupe. Watoto waliyaokota mawe yale na kuyatia mdomoni. Sijaona hivyo tangu nizaliwe. Baada ya hapo upepo wa baridi haukuacha, na asubuhi nilitoka nimevaa sweta ya vitani.

Nilifika yadi saa kumi na moja alfajiri. Nilipopanda lorini nikaona kitu kinaning'inia kwenye usukani. Ni kifuniko cha rejeta, kimefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Nikakereka. Nikasema moyoni, huyu kijana ametia maji akasahau kufunga, tena anatundikatundika vitu kama hirizi. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nikakifungua, kile kipande cha kanga nikakisokomeza mfukoni, nikashuka, nikafunga kifuniko mahali pake bila kuchungulia.

Kila alfajiri, miaka ishirini, mimi huchungulia maji kabla ya kuwasha. Leo sikuchungulia. Kwa baridi ile, nani angeogopa injini kuchemka? Na ile saa ya kupima joto ilikufa tangu mwaka juzi.

Nilipopita Nyashishi nikasikia harufu. Nikadhani watu wanachoma taka. Karibu na Usagara injini ikaanza kugonga, ikapiga yowe moja, ikanyamaza. Nikashuka, nikafungua kifuniko kwa tambara. Haukutoka mvuke. Ndani hamkuwa na kitu. Nikainama chini ya lori, nikaona koki iko wazi.

Hapo ndipo nilipokumbuka foleni ya Kigongo na majani meupe na kicheko changu. Kashindye aliona barafu chini, mkono wake ukafanya ulivyozoea miaka tisa. Akamwaga maji. Na kisha akaniachia alama, kama madereva wa Njombe wanavyoachiana, alama ambayo mimi niliambiwa kwa kinywa chake.

Nilikaa juu ya jiwe. Nikatoa kile kipande cha kanga, nikakitazama. Kisha, naandika kweli, nikakirudisha mfukoni na kutazama huku na huku kama kuna mtu ameniona.

Alhamisi, 5 Oktoba

Injini imekufa. Fundi anasema pistoni zimeshikana na silinda. Lori ni moja, lakini mvua imeshaanza na pamba ya watu iko nje Busisi, kwa hiyo Luhaga alituita ofisini amevimba.

"Kashindye, maji ulimwaga wewe?"

"Nilimwaga, bwana karani."

"Kwa nini? Hapa ni Mwanza!"

"Sijui nikujibu nini. Nilikuwa nimechoka, nikaona chini kweupe. Mkono ulishika koki bila mimi kuuagiza. Lakini kifuniko nilikitundika kwenye usukani. Nadhani nilikitundika."

Lile neno "nadhani" lilinifungulia mlango, nami nikaingia. Luhaga akanigeukia.

"Mzee Jumbe, ulikikuta kifuniko kwenye usukani?"

Niliwaza miaka ishirini. Niliwaza Novemba. Niliwaza wale wawili wa msikitini.

"Hapana," nikasema. "Kilikuwa kimefungwa mahali pake."

Kashindye alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyepotea anayemwuliza mwenyeji njia. Nikaangalia kalenda ukutani. Kisha nikamsikia akisema, polepole, "Basi nimesahau. Mzee hawezi kusema uongo."

Amesimamishwa kazi. Halmashauri ya Chama itakaa Jumatano tarehe ishirini na tano. Luhaga anapendekeza afukuzwe, leseni yake ipelekwe polisi ifutwe, na nyumba aiache mwisho wa mwezi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Imamu alizungumzia alama tatu za mnafiki. Nilisikia ya kwanza, kwamba akizungumza husema uongo, hizo nyingine sikuzisikia.

Jumamosi, 7 Oktoba

Joto limerudi. Nimepewa lori jingine. Sijasema.

Jumatatu, 9 Oktoba

Joto. Safari mbili. Kila asubuhi nachungulia maji mara tatu. Sijasema.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua. Safari moja. Sijasema.

Alhamisi, 12 Oktoba

Moza ameniambia jambo wakati ananitilia chai, naye hakujua anamwambia nani.

Kashindye hambebi tena mtoto. Odeta ndiye aliyemwambia Moza. Akiletewa Kija, anaficha mikono nyuma, anasema, "Mweke chini, nitamwangusha." Usiku anaamka kuangalia kama mlango ameufunga, analala, anaamka tena. Jana alimwuliza Odeta kama moto wa jikoni ameuzima, na jikoni hakuwa ameingia siku nzima. Anasema kama mikono yake iliweza kumwaga maji bila kumwambia, kisha ikafunga kifuniko bila kumwambia, basi haijulikani itafanya nini tena.

"Mtu mzima na akili zake," Moza akasema. "Sijui nani kamroga."

Nilimwagikiwa na chai kwenye mapaja nikashukuru, maana nilipata sababu ya kutoka.

Jumapili, 15 Oktoba

Nilikuwa nazunguka njia ya nyuma ili nisimpitie. Leo nimemkuta huko huko nyuma, amekaa juu ya debe.

"Shikamoo, mzee. Nakuuliza wewe kwa sababu umeendesha siku nyingi. Inawezekana mtu akakumbuka jambo wazi kabisa, akaliona mpaka fundo alilofunga, na kumbe halikuwepo?"

Mungu alinipa mlango wa pili, safari hii wazi kabisa, hakuna karani, hakuna kalenda. Nami nikasema, "Umechoka tu, bwana mdogo. Pumzika."

"Eeh," akasema. "Nitakuwa nimechoka."

Nimejua leo mimi ni mtu wa namna gani. Siku zote nilidhani nina wasiwasi kwa sababu naogopa mambo mabaya yasinipate. Kumbe baya lenyewe ni mimi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Luhaga ameniita pembeni. Barua ya dereva mkuu inapigwa chapa, ina jina langu. Moza alipika pilau akawaalika majirani. Odeta alikuja kusaidia kukatakata vitunguu. Nilikula tonge mbili, nikasema tumbo.

Jumapili, 22 Oktoba

Odeta amekuja kuaga. Jumatano jioni anapanda treni na mtoto kurudi kwa mama yake. Kashindye atabaki, atatafuta kazi ya kubeba magunia bandarini, karibu na mama yake kipofu, mpaka ijulikane.

"Na nilikuwa nimeshalizoea joto, shangazi," akamwambia Moza, analia. "Mtoto hana hata kipele kimoja."

Jumanne, 24 Oktoba

Nimemwambia Moza. Nilitoa kile kipande cha kanga nilichokuwa nimekificha ndani ya daftari hili, nikakiweka juu ya meza, nikasema yote bila kupumzika.

Moza alikisogeza kile kipande kwa kidole. Kisha akasema, "Nilijua una jambo. Nilidhani ni mwanamke."

"Si mwanamke."

"Ingekuwa nafuu, Jumbe." Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanamke ningemfukuza. Hili nitalifukuza vipi?"

Nikamwuliza nifanye nini. Alichukua shati langu jeupe, akaanza kulipiga pasi.

Jumatano, 25 Oktoba

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Luhaga. Nilimkuta peke yake anapanga karatasi za halmashauri. Nilisema nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kupamba maneno. Nilikikuta kifuniko. Kilikuwa kwenye usukani. Niliambiwa maana yake mwezi wa saba. Sikuchungulia maji. Nilisema uongo.

Nilitegemea atapiga kelele. Siku zote nilimwona kijana tu, mwenye miwani na maneno ya semina. Alivua miwani, akasukuma karatasi upande wangu.

"Andika mwenyewe, mzee. Hili siwezi kukuandikia."

Niliandika. Alisoma mara mbili.

"Nilitaka awe wewe," akasema. "Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa nakuona unapita na lori, nasema yule ndiye dereva." Kisha akaniambia nisubiri nje.

Halmashauri ilikaa mpaka saa sita. Mimi nimeondolewa kwenye lori. Mwenyekiti alitaka nifukuzwe kabisa, Luhaga akaniombea nibaki yadi kuosha magari na kuyatia maji. Udereva mkuu haujapata mtu. Kashindye amepewa onyo kwa yale maji, lakini kazi yake iko na leseni yake iko, Jumatatu arudi. Karani alitaka kumpelekea barua kwa tarishi. Nikamwomba anipe mimi.

Nilikwenda kwa miguu. Jua lilikuwa linachoma na shati la Moza likanigandia mgongoni. Mlango wao ulikuwa wazi. Kashindye alikuwa amepiga magoti anafunga sanduku la Odeta kwa kamba, kisha analifungua fundo analitazama, kisha analifunga tena. Odeta alikuwa dirishani amembeba mtoto.

"Karibu, mzee. Shika..."

"Usiniamkie," nikasema. "Kifuniko kilikuwa kwenye usukani."

Akainuka. "Unasemaje?"

"Ulikitundika. Ulikifunga kwa hiki." Nikatoa kipande cha kanga.

Odeta alikuja akakichukua, akakigeuza. "Ni cha ile kanga yangu iliyochanika," akasema. "Ulinikatia kipande, baba Kija, ukasema cha kufutia kioo."

Kashindye hakukigusa. "Sema tena."

Nikasema tena. Kwamba nilikikuta, nikakifungua, nikakirudisha mahali pake bila kuchungulia, na ofisini nikasema uongo mbele yake.

"Fundo lilikuwaje?"

"Ulizungusha mara mbili. Ncha moja ndefu."

"Mara mbili," akasema. "Ndiyo. Nilizungusha mara mbili." Aliitazama mikono yake. "Wiki tatu, mzee. Wiki tatu nimelala nikiitazama hii kama nyoka."

"Najua."

"Hujui."

Nikampa barua. Aliisoma, akampa mkewe. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe."

"Leo usiniite mwanao." Hakupaza sauti. "Niliwaambia watu wewe ndiye uliyenifunza joto. Nilimwambia mama yangu. Ondoka kwangu, mzee. Siku nikiweza, nitakuja mwenyewe."

Nikatoka. Hakuna aliyeniita nirudi, na sikustahili kuitwa. Nilipofika penye ua niligeuka mara moja tu. Ndani Odeta alikuwa anasema kitu kwa Kibena, haraka haraka, analia na kucheka. Kashindye alikuwa amesimama katikati ya mizigo. Akanyoosha mikono yote miwili mbele.

"Mlete mtoto," akasema.

Odeta akampa.